Chale za Uwandani

Fundi Makame Shaali, mganga wa nyoka, amekufa kitandani kwake Michenzani, ghorofa ya tatu, amekula chakula chake cha mchana, amesali, akajinyoosha, hakuamka tena. Habari zilinikuta napepeta mchele. Nikauweka ungo chini, nikavaa buibui, nikenda matangani. Sikwenda kumlilia. Nilikwenda kuthibitisha. Chumba cha wanawake kilikuwa kimejaa mpaka mlangoni, mikeka imepishana, mtungi wa kahawa unazunguka, na joto la ghorofa lile Mungu anajua. Nilikaa karibu na kabati la vyombo, nyuma ya wanawake wawili wa makamo nisiowajua, nikawasikia. "Marehemu alikuwa na mkono, shoga. Watu aliowachanja kisiwa kizima hiki, hapana hata mmoja aliyekufa kwa nyoka." "Hata mmoja?" "Hata mmoja. Waulize watu wa kusini." Mara bibi mmoja wa Bwejuu aliyekuwa amesinzia ukutani akafumbua macho, akanisonda kidole. "Wakaulize kusini kwa nini, na Mize huyu hapa? Mize, si alikuponya weye? Hebu waoneshe mkono." Wote wakageuka. Nilitaka kusema, ulimi ukanikauka kama nilipokuwa na miaka kumi na saba. Nikautoa mkono wa kulia nje ya buibui. Kidole gumba na cha shahada vipo, havikunjiki. Vitatu havipo. Wanawake wale wakasema "Mashaallah", wakamwombea Fundi Makame pepo.

Kahawa sikuimaliza. Nimerudi nyumbani nikachukua daftari, na siku ya tano leo naandika. Kalamu niliishika nimeshakuwa mtu mzima, kwenye kisomo cha jioni, tena kwa mkono wa kushoto, kwa hivyo atakayeona hati yangu imelala upande anisamehe. Sina elimu ya kupamba maneno. Nina majina, na majina nitayataja, maana katika matanga yale lilitajwa jina la marehemu mmoja tu, na lilitajwa kwa kusifiwa.

Mwaka wenyewe ulikuwa katika miaka ya hamsini, vyama vya siasa havijafika kwetu. Asiyeijua Unguja hudhani kisiwa chote ni minazi na mikarafuu. Aje kusini mashariki, aache pwani ya Bwejuu, ashike njia ya ndani mwendo wa saa moja kwa miguu. Ndipo uwanda unapoanza. Ni mawe matupu, mawe ya matumbawe ya zamani za bahari, makali kama chupa iliyovunjika, yana mashimo kila upande, na vichaka vya miiba vimejishika baina yake. Maji hapana. Mvua inanyesha na kabla hujafunga mlango ishapotelea maweni. Ni jangwa, ila watu wa majangwa wengine Mungu kawapa mchanga, sisi katupa mawe. Wazee walilima mtama na mbaazi kwenye vibonde vyenye udongo wa kiganja, wakazungushia kuta za mawe ya kupanga, tunaziita bigili, kuzuia nguruwe. Kuta hizo zimekaa miaka na miaka. Kila tundu la bigili lina mwenyewe.

Huko ndiko tulikopiga dago, kambi ya kazi, mwaka ule, watu kama ishirini, wanaume na wanawake, kuchoma chokaa. Msimamizi alikuwa Haji Vuai, mtu mfupi mwenye sauti ya adhana, ndiye aliyewekwa na mwenye mali aliyekuwa mjini, na ndiye aliyekuwa na amri juu ya lori. Kazi yetu wanawake ilikuwa kukusanya mawe na kuyabeba kichwani mpaka kwenye tanuu. Tanuu la kwetu si la kujengwa. Kuni hupangwa duara, magogo kwa magogo, mpaka lifike kifuani, halafu mawe yanapandishwa juu, halafu moto. Kupanga kunachukua wiki nyingi, kuungua siku chache. Tulilala katika banda la makuti, wanawake upande huu, wanaume upande ule, katikati pazia la magunia, hivyo kila kinachosemwa huku kinasikika kule. Asubuhi uji wa mtama, mchana muhogo na kunde, jioni muhogo na dagaa. Mpishi alikuwa Bi Kazija, mwanamke mpana, mcheshi, akipakua chakula utadhani anagombana na sufuria. Binti yake mkubwa alikuwa Zuwena, na Zuwena alikuwa shoga yangu, mkeka mmoja, mto mmoja. Mdogo wake, Siti, alibaki kijijini.

Zuwena alikuwa ameshaposwa. Mchumba alikuwa fundi cherehani mjini, harusi baada ya tanuu kuteketea. Kila tukipumzika alikuwa akizungumza juu ya chumba atakachopangishiwa, kina dirisha linalotazama uchochoro wa Mkunazini, na atatia pazia jekundu. "Jekundu tena!" mama yake alisema siku moja, mwiko mkononi. "Watu watadhani unauza nyama." Tukacheka mpaka wanaume wa upande wa pili wakacheka nao.

Fundi Makame alikuja siku ya tatu ya dago. Alikuwa kijana bado, mrefu, mweupe wa meno, kanzu safi katika mahali ambapo hapana aliye safi. Alikuja na kikapu cha ukindu chenye kifuniko na wembe mmoja. Mahali pale hufanyi kazi bila ya chale, ndiyo ilikuwa desturi. Kila anayeingia uwandani kushika mawe huchanjwa kwenye vifundo vya mikono na miguu, hupakwa dawa nyeusi, basi swila akimwona humpisha. Swila ndiye nyoka wetu wa pale, mweusi wa kung'aa, akiinuka shingo inatanuka. Tukapanga foleni, wembe ule ule kwa watu ishirini. Kabla ya kuanza, Fundi akafunua kikapu akamtoa swila kwa mkono mtupu, akamtia shingoni kama shali, akawa anatembea mbele yetu. Watu walikuwa hawapumui. Zuwena akaninong'oneza, "Mize, mbona hafungui kinywa?" Nikamtazama nyoka. Kweli, kinywa hakikufunguka hata mara moja, na pembeni mwa mdomo nikaona kitu kama uzi wa kushonea. Nikamfinya Zuwena paja. "Nyamaza, utatutilia nuksi." Huyo ni mimi. Nimesema nitataja majina, basi la kwanza hilo.

Baada ya kutuchanja Fundi akatusomea miiko. Usile pweza mpaka tanuu liwake. Usiruke kuni. Na mwanamke au mwanamme asiguse asichohalalishiwa. "Dawa yangu haina kosa," alisema. "Atakayeumwa, ajue kajiuma mwenyewe. Na mimi nitajua kwa nini." Alipofika hapo aliwatazama wasichana, mmoja mmoja, na wanaume wakaguna kwa furaha. Wakati ule sikuyaona maneno yale kuwa ni mtego. Leo nayaona vizuri kabisa. Mtu aliyeyatoa alikuwa amejifungia milango yote: ukisalimika, ni dawa; ukiumwa, ni zinaa. Na msichana anayesubiri harusi, jambo gani atalificha kuliko kuumwa?

Tulikuwa tumeshakaa mwezi na kitu pale Zuwena alipotumwa kijijini kufuata chumvi, nikafuatana naye. Mama mdogo wake alikuwa amepika pweza wa nazi, mwekundu, mchuzi umeshikana, ndimu imekatwa pembeni. Mwezi mzima tumekula dagaa wenye mchanga. Zuwena akafunga mlango wa jiko. "Kidogo tu, Mize." "Na mwiko?" "Fundi Makame atamjua pweza kwa harufu?" Tukakaa chini, sahani moja katikati, mkono wake na mkono wangu, tukaipangusa mpaka ikawa haina haja ya kuoshwa. Tukanawa kwa majivu. Njiani tulikuwa tunanusa viganja na kucheka kama wendawazimu. Naomba msomaji alishike hili: tulikula wawili, sahani moja.

Siku ya pili, jua limepanda kidogo, tulikuwa tunachukua mawe yaliyoporomoka kwenye bigili la zamani. Zuwena yuko mbele yangu hatua mbili. Akainama, akainua jiwe, akasema "Aa" ndogo, kama mtu aliyechomwa sindano ya kushonea. Jiwe likaanguka. Nikaona mkia mweusi unaingia tunduni, taratibu, bila ya haraka yoyote. Nilifungua kinywa kupiga kelele, Zuwena akaniruka akaniziba kwa kiganja chake, kina vumbi la chokaa, ladha yake naijua mpaka leo. "Usiseme," akasema. "Mize, kwa haki ya mama yako, usiseme. Ni mwiba." "Zuwena, nimemwona!" "Ni mwiba! Wakijua watasema mwanamme. Watampelekea mchumba habari mjini, harusi hapana tena. Nani ataamini pweza?" Akainua upindo wa kanga. Juu ya kifundo cha mguu wa kulia palikuwa na matundu mawili madogo, damu tone moja tu. Kidogo namna ile! Nilitazamia pavimbe, hapakuvimba. "Umeona?" akasema. "Chale zinafanya kazi." Akalifuta lile tone kwa mate, akajitwika jiwe, akenda.

Alibeba safari mbili zaidi. Ya tatu alikuwa anapepesuka. Tulipokaa kwa muhogo, kope zake zilikuwa zimeshuka nusu, akawa anainua kichwa nyuma ili atuone. Bi Kazija akapasua kicheko. "Jamani, mtazameni bibi harusi! Macho ya usingizi mchana kweupe. Unamwota nani, mwanangu?" Kutoka upande wa wanaume sauti moja ikajibu, "Anaota pazia jekundu!" Banda zima likaangua kicheko, na Zuwena alitaka kucheka nao, nilimwona, midomo haikumfuata. Akanywa maji, maji yakamtoka puani. Kicheko kikakatika. "Zuwena? We Zuwena?" Akajibu, lakini sauti ilikuwa ya puani, nzito, maneno hayana ncha. Akaanguka ubavu.

Lori lilikuwa pale. Naliandika kwa makusudi: lori lilikuwa limesimama kivulini, dereva amelala chini yake, zima, lina mafuta. Haji Vuai alikuja, akasema, "Huyu kashikwa. Mwiteni Fundi." Fundi Makame akaja, akapiga magoti, akamfunua kope kwa kidole gumba. "Shetani wa mawe," akasema. "Kakaa mahali pake bila ya kuomba." Hakutazama miguu. Mtu aliyejidai kuwajua nyoka kuliko wote hakutazama miguu! Au pengine alijua, akaona shetani ni bora kwake kuliko swila. Ubani ukawashwa, shuka ikafunikwa, wanawake wakaimba. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa kichwani, neno liko juu ya ulimi wangu, zito kama jiwe la tanuu. Zuwena alikuwa hawezi kusema tena, wala kumeza, lakini alikuwa anasikia. Katika ule mwanya mdogo uliobaki chini ya kope alikuwa ananitazama mimi. Hakumtazama mama yake. Mimi. Nilidhani ananiambia, nimekuapisha, nyamaza. Nikanyamaza. Miaka thelathini nimeyageuza macho yale, usiku na mchana, napika, nafua, nimepanga foleni ya sukari, na sijui. Huenda alikuwa ananiambia, sema. Huenda alikuwa anapiga kelele kwa nguvu zake zote, sema, Mize, sema. Kabla ya alasiri kwisha kifua kikaacha kupanda. Hapana aliyetambua mara moja. Kuimba kuliendelea kidogo.

Tulimpeleka Bwejuu kwa lori lile lile, sasa likawaka upesi. Wanawake wakamwosha, wanaume wakamzika, fundi cherehani akaja kutoka mjini na viatu vyake vimejaa vumbi, akalia kwa adabu. Ikasemwa amekufa kwa shetani, amekufa msichana safi, harusi yake iko peponi. Baada ya siku tatu Haji Vuai akaturudisha uwandani. Chokaa haingoji, alisema.

Sikuwa naweza kulala kwenye mkeka ule. Nilikuwa nahesabu: pweza tulikula wawili. Kama pweza ndiye aliyemwita swila, kwangu mbona hakuja? Kama ni mwanamme, Zuwena hakuwa na mwanamme. Tulikuwa tunalala tumeshikana mikono, hata akigeuka najua. Basi chale zile zilikuwa zinakinga nini? Hesabu yenyewe ni ya mtoto, lakini katika watu ishirini mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na hesabu kamili, na nikaiogopa. Nilikuwa nikimwona Fundi anapita na kanzu yake nageuza njia, sijui kwa hofu au kwa ghadhabu.

Arubaini ya Zuwena haijafika, tulikuwa tunamalizia kupanga kuni. Niliingiza mkono baina ya magogo mawili kutoa kijiti kilichokwama. Kitu kikanipiga ubavuni mwa kiganja, chini ya kidole cha mwisho. Nikauvuta mkono na yeye akaja nao, ananing'inia, mweusi, mzito, kisha akaachia akaanguka miguuni pangu, akainuka, akatanua shingo, akanitazama. Hapana kilichonishtua maishani kama kule kutazamana. Sikungoja kufikiri. Nilipiga ukelele, "Nyoka! Swila! Kaniuma! Kaniuma swila!" Nikaupiga mara nyingi, na nadhani nusu ya kelele zile hazikuwa zangu.

Wakaja wote. Haji Vuai akachukua kamba ya usumba wa nazi akanifunga juu ya kifundo cha mkono, akakaza kwa kijiti mpaka mkono ukawa wa buluu. Lori lilikuwa limeshapakiwa kuni za kupeleka mjini, linanguruma. Nikasema, "Nipelekeni hospitali." Fundi Makame akasimama baina yangu na lori, mikono nyuma. "Hospitali watakukata tu," akasema. "Dawa iko mwilini mwako tayari, imezuiwa na dhambi. Itaje, itashika. Umevunja mwiko gani?" "Sikuvunja." "Mize, unakufa. Umevunja mwiko gani?" Nikasema, "Nilikula pweza. Zamani, mwezi uliopita." Mwanamme mmoja akacheka, kweli akacheka. "Pweza!" Fundi akatikisa kichwa kwa huruma, kama mwalimu. "Pweza huleta tandu. Swila huletwa na mwanamme. Mtaje." Nikamtazama Bi Kazija, amesimama na sufuria yake kifuani. Nikamtazama Haji Vuai, akatazama chini. Watu ishirini wamenizunguka na hapana aliyesogea, si kwa ubaya, nadhani. Walikuwa wanangoja jina kama watu wanaongoja mwezi uandame. Nilihisi kope zinashuka. Nikajua njia hii naijua, nimeshaiona mtu mwengine akipita.

"Ni wewe," nikasema.

Fundi akasema, "Mimi nini?" "Mwanamme niliyelala naye. Ni wewe, Fundi Makame Shaali. Nyuma ya bigili, tangu siku uliyotuchanja." Haikuwa kweli. Naandika hapa mbele ya Mungu, haikuwa kweli. Mtu yule hakunigusa ila kwa wembe. Lakini rangi ilimtoka usoni nikaiona inatoka. Kisha Haji Vuai akapiga kelele kwa ile sauti yake ya adhana, "Mtieni garini! Mtieni garini haraka, asije akafia hapa na maneno haya kinywani!" Mikono ikatoka pande zote. Waliokuwa hawawezi kusogea wakaweza. Nikarushwa juu ya kuni, na lori likakimbia juu ya mawe yale mpaka nikadhani litapasuka. Niliteremshwa garini siwezi kufungua macho. Pumzi nilikuwa naivuta kama mtu anayevuta ndoo kisimani.

Nilipozinduka vizuri nilikuwa katika chumba cheupe chenye dirisha refu, na bahari inasikika. Sindano zilinirudisha. Mkono haukurudi wote. Nesi aliyenifunga bandeji alikuwa mtu wa mjini, mwepesi wa maneno. "Vidole havikuliwa na nyoka, mdogo wangu," alisema. "Vimeliwa na kamba. Nani aliyekufunga hivi?" Halafu akaziona chale. "Na hizi?" "Kinga ya nyoka." Akaniangalia aone kama namfanyia mzaha. "Mna panya huko kambini?" "Wengi." "Basi nyoka wanafuata panya, na panya wanafuata makombo yenu. Chale za nini?" Nikamwuliza swali langu: mtu akiumwa asubuhi, akaletwa mchana, anapona? "Wanaowahi tunawaponya wengi," akasema, na akenda zake na sinia la dawa, hajui alichonifanya. Lori kutoka kule hadi mjini halichukui hata baina ya adhuhuri na alasiri. Nikageukia ukutani.

Nilikaa mjini miezi miwili, kwenye chumba cha uani cha jamaa, nyumba ya mawe kubwa iliyogawanywa kwa mapazia, giza na baridi, harufu ya karafuu na mkojo wa paka. Hapo nikayasikia yangu. Dirisha langu lilikuwa chini ya jiko la majirani, na wanawake wakikuna nazi wanasahau kuwa sauti zinateremka. "Ndiye huyo wa uwandani." "Aliyelala na mganga?" "Ndiye. Lakini umeona dawa ya yule bwana? Kaficha, dawa ikagoma. Kataja tu, akapona. Shoga, ile dawa ni ya kweli!" Nilisimama katikati ya chumba mkono kwenye bandeji. Nilidhani nimemwangusha. Kumbe nimemjenga. Uwongo wangu ulikuwa ndio ushahidi aliokuwa akiutaka maisha yake yote: mtu aliyeumwa, akakiri, akaishi. Kuhusu zinaa alikana kwa viapo, watu wakacheka, wakamsamehe, mwanamme yule. Mimi hapana aliyekuja kuniposa mpaka leo. Yeye aliitwa mashamba yote, kaskazini na kusini, na wembe wake.

Mwisho wa mwaka nilirudi Bwejuu, kwa sababu moja. Nilitaka kumwambia Bi Kazija jinsi mwanawe alivyokufa, hata akinilaani. Nilimkuta uani kwake anapiga usumba, gogo mkononi, makumbi ya nazi mbele yake. Alikuwa amekonda, lakini aliinuka akanikumbatia, akautazama mkono wangu, akanipakulia wali na mchuzi wa kunde bila ya kuniuliza kama nina njaa. Siti, binti mdogo, alikuwa akichota maji. Aliponinawisha nikaona kwenye vifundo vya mikono yake chale mpya, dawa bado nyeusi. "Anakwenda uwandani?" nikauliza. "Anakwenda, tanuu jengine. Fundi alikuja juzi." Siti alipotoka nikasema yote kwa pumzi moja: bigili, mkia, kiganja kinywani mwangu, matundu mawili juu ya kifundo cha mguu wa kulia.

Bi Kazija hakuliacha gogo. Alipiga mara mbili, tatu, halafu akasema, "Mimi ndiye niliyemwosha. Niliyaona."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Uliyaona? Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Mwanangu kazikwa msichana safi." Akasogea karibu, akateremsha sauti, na uso wake ukawa na kitu nilichokuwa sijakiona, kama mtu mwenye kiu. "Mize, tangu siku ile silali. Weye ulikuwa mkeka mmoja naye. Alikuwa nani?"

"Nani?"

"Mwanamme. Sitamfanya kitu, wallahi. Nataka nimjue tu."

"Hapakuwa na mwanamme, Bi Kazija. Tulikula pweza kwa mdogo wako. Hata pweza si kitu, mimi nilikula naye, na mimi nilikuwa sina mtu, yale niliyoyasema uwandani yalikuwa uwongo, nilitaka lori tu. Ni nyoka, Bi Kazija. Alikuwa nyoka na jiwe, basi."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa. Kisha akauchukua mkono wangu mbovu, akauweka mapajani mwake, akaupapasa pale vidole vilipokuwa.

"Wako ulimtaja, ukapona," akasema. "Wa mwenzio kwa nini unamficha?"